Shahidi wa Ngao

Hakuwa balozi wa nchi yoyote. Hakuwa na bendera, wala gari lenye namba za ajabu, wala mlinzi getini. Alikuwa muuza makopo. Lakini kampuni iliyompa makopo hayo ilikuwa imegundua siri moja ya binadamu: mtu ukimnyima mshahara ukampa cheo, atakufanyia kazi mpaka aote kibyongo, na shukrani atakupa juu. Basi kila muuzaji akaitwa Balozi. Kulikuwa na Balozi wa Shaba, wa Fedha na wa Dhahabu, na kule juu kabisa, ambako walio chini hawaoni hata nyayo za viatu, Balozi wa Almasi. Huyu wetu alikuwa wa Shaba. Alikuwa wa Shaba kwa muda mrefu mno, hata beji yake ya kifuani ikaanza kubanduka rangi na kuonyesha bati. Mkewe alitakiwa amwite Balozi mbele za watu. Alimwita hivyo, kwa sauti ileile aliyotumia kumfukuza paka jikoni.

Ndani ya makopo mlikuwa na unga wa rangi ya vumbi la tofali, jina lake Ngao. Ngao ilipandisha kinga ya mwili, ndivyo alivyosema Balozi, na Balozi hakuwa na lingine la kusema. Ukiwa na mafua, kinga imeshuka. Goti likikuuma, kinga. Mtoto wa jirani akifeli hesabu, tazameni kinga yake. Hiyo kinga yenyewe inakaa wapi mwilini na inafanya kazi gani ikiamka asubuhi, hakujua wala hakuona haja ya kujua. Alichojua ni kwamba ya kwako iko chini na kopo liko mkononi mwake. Debe tupu haliachi kuvuma, na la kwake lilivuma hata likiwa limejaa.

Mtaji wake mkubwa, hata hivyo, haukuwa unga. Alikuwa mama yake mzazi.

Mama alikuwa opereta wa simu enzi zile za kuunganisha kwa mkono. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, vipokea sauti masikioni, waya mkononi, na kila aliyetaka kuzungumza na mwenzake mjini alipita kwake kwanza. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Sasa alikuwa amekula chumvi ya kutosha, miaka inakaribia themanini, na Balozi alimpandisha jukwaani kwenye mikutano ya Ngao akiwa amevaa gauni lake la bluu. Watu wanataja ofisi yoyote ya zamani, mama anawapa namba. Stesheni ya treni! Anaitaja. Posta! Anaitaja. Ukumbi unalipuka kwa makofi. Hapo Balozi anashika kipaza sauti na kuapa kwamba mama huyu hajui hata mlango wa hospitali umepakwa rangi gani, siri yake ni kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Uzuri wa ushahidi ule ni kwamba haukuwa na wa kuukagua. Stesheni ilishafungwa, posta ilishahamishwa, na namba zenyewe zilikufa pamoja na simu zake. Kwa hiyo mama alipoanza kuipa stesheni namba ya posta, na posta akaipa namba ya machinjioni, hakuna aliyeng'amua ila watu wawili waliokuwa wakiishi naye. Mkwewe alisikitika. Mwanawe alishukuru kwamba hakuna wa kupiga.

Jumatano jioni mke wa Balozi, aliyekuwa akifanya kazi duka la dobi, alirudi na mikono iliyochakaa kwa sabuni ya watu akaingia kumwogesha mkwewe. Alipomvua nguo akaona malengelenge. Yalikuwa madogo madogo, yamejaa maji, yamejipanga kutoka uti wa mgongo yakazunguka ubavu wa kulia hadi chini ya ziwa. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa safi kabisa, kana kwamba mtu alianza kumfunga mshipi akaghairi nusu ya kazi.

"Usipaguse hapo, mwanangu," mama alisema. "Panaungua."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu jana. Au... leo ni lini?"

Mke akaita. Balozi alikuwa sebuleni, mbele ya kioo, anajifunza kutabasamu huku ameshika kopo usawa wa shavu.

"Njoo umwone mama."

"Niambie tu, nakusikia."

"Nimesema njoo uone."

Akaja na uso wa mtu aliyeitwa kulipa deni lisilo lake. Akatazama. Akajua palepale, maana alishaambiwa. Miezi michache nyuma zahanati ya mtaa iliwaita wazee wakachanjwe dhidi ya maradhi hayo, mkanda wa jeshi, na yeye ndiye aliyempeleka mama kwa kuwa mkewe alikosa ruhusa kazini. Alipeleka na makopo matatu, akitumaini kumuuzia daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, na Balozi aliyaona mafua yale akachangamka. Lakini daktari hakumpa nafasi. Alimwambia kwamba tetekuwanga waliyoumwa wazee utotoni haikuwaacha, imelala tu kwenye mishipa ya fahamu, na kinga ikizeeka huamka. Akamwambia na jingine: huko walikochunguza, wazee waliochanjwa mkanda wa jeshi walionekana kupata ugonjwa wa usahaulifu kwa uchache kidogo kuliko wasiochanjwa.

"Kwa nini?" aliuliza Balozi, si kwa kutaka kujua bali kwa kutafuta mlango wa kuingizia kopo.

"Bado wanabishana. Wapo wanaosema ni kinga yenyewe. Kinga ya mzee ni kama mlinzi aliyezeeka getini. Mwizi halisi anampita, halafu yeye anakesha anapiga firimbi kwa kila paka. Kelele za namna hiyo zikidumu miaka mwilini, wanadhani ubongo nao unaumia."

"Sasa mama yangu kinga yake iko juu sana, daktari. Imezidi."

"Kinga kuzidi nayo ni ugonjwa, baba. Mikono mingapi hapa imepinda vidole kwa sababu kinga inawala wenyewe?"

Balozi alikataa chanjo. Ataionyeshaje beji yake mtaani ikisikika kwamba shahidi wa Ngao kachomwa sindano kama watu wengine? Daktari akapenga kamasi, akamwambia basi, lakini siku akiona vipele vya maji vimekaa upande mmoja, amlete mama siku hiyohiyo, maana dawa yake ni ya kuwahi. Ikichelewa, alisema, tunabaki kumpa pole.

Ndiyo yaliyompitia Balozi kichwani pale mlangoni mwa bafu, mama yake akitetemeka ndani ya taulo.

"Huu ni mkanda wa jeshi," mkewe alisema. "Twende hospitali."

"Ni sumu."

"Sumu gani?"

"Mwili unajisafisha. Imo kwenye kitabu cha mafunzo, ukurasa wa mbele kabisa. Kinga ikipanda, sumu inatafuta pa kutokea."

"Ikakosa pote ila ubavuni kwa mama?"

"Nitampeleka. Nimekataa? Jumamosi mkutano ukiisha tu, nampeleka mwenyewe."

"Leo Jumatano."

"Najua leo ni lini."

"Mficha maradhi..."

"Usinitolee methali zako za dobi!" Balozi alifoka, kisha akashusha sauti kwa kuwa mama alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine. "Jumamosi anakuja Almasi mwenyewe. Wanatangaza mabalozi wapya wa Fedha. Unataka nimwambie nini? Kwamba shahidi wangu yuko wodini? Hao madaktari wanalipwa na wenye sindano."

"Na wewe unalipwa na nani?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa jibu lake lilikuwa: hajalipwa bado. Akaenda sebuleni, akafungua kopo, akakoroga unga na maji ya uvuguvugu mpaka ukawa uji mzito, akarudi na kuupaka mwenyewe ubavuni mwa mama yake kwa kijiko. Mama aliuma taulo. Balozi alimpulizia kwa mdomo, fuu, fuu, kama afanyiwavyo mtoto aliyechubuka goti, na kwa muda huo mfupi alijiona mwana mwema kweli.

Alhamisi mama hakula. Ijumaa alianza kuuliza yule bwana mwenye koti anayepitapita sebuleni ametumwa na nani.

Bwana mwenye koti alikuwa na yake. Alimkalisha mama kitini, akampa maziwa yaliyokorogwa vijiko vitatu vya Ngao badala ya kimoja, akaanza kumfanyisha mazoezi.

"Posta, mama."

Mama akataja namba.

"Vizuri! Stesheni."

Mama akataja namba ileile.

"Hiyo umeshaitoa. Nipe nyingine. Nyingine yoyote, mama, we taja tu."

Mama alimtazama kwa mshangao wa mtu wa kazi aliyeombwa afanye uhuni kazini. "Ukitaja namba yoyote tu," alisema, "utamuunganisha mtu na asiyemtaka."

Balozi akatoka nje akampigia simu Bwana Almasi. Hakukusudia kukiri lolote. Alikusudia kudokeza tu kwamba mama ana uchovu kidogo, pengine safari hii yeye Balozi aseme peke yake. Alisimama wima barabarani huku akizungumza, kifua mbele, kana kwamba simu ina macho.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Almasi.

"Ni mimi, mheshimiwa. Yule wa mama mwenye namba."

"Ahaa, Mama Namba! Yuko tayari?"

"Yuko tayari, mheshimiwa, isipokuwa..."

"Isipokuwa si neno letu. Bwana mdogo, wewe bila yule bibi ni nani? Nina mabalozi wa Shaba wa kujaza uwanja wa mpira. Asipokuja, kaa tu nyumbani, au njoo ukae nyuma na wale wapya, usaidie kupanga viti."

Bwana mdogo alikuwa na miaka hamsini na miwili. Akasema ndiyo mheshimiwa, ahsante mheshimiwa, akaendelea kushukuru hata baada ya simu kukatwa, ili jirani aliyekuwa akianika nguo asijue kwamba imekatwa.

Aliporudi ndani akamkuta mkewe amemvalisha mama viatu. Mfuko ulikuwa mlangoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Unajua tunakokwenda."

"Huyu ni mama yangu."

"Sasa ndiyo umekumbuka? Sogea."

Hakusogea. Hakuwa mtu wa kupiga, hakuwa na ushujaa hata wa hilo; alisimama tu mlangoni, mikono kwenye miimo miwili, akaanza kulia. Alilia kwa machozi halisi. Alisema amedharauliwa miaka yote, dunia nzima imempita, na kesho ndiyo siku yake, na hata humo ndani mwake anapigwa vita. Mke alisimama akimtazama kwa karaha, kwa maana aliwahi kumpenda mtu huyu, na sasa hakuweza kukumbuka alimpendea nini.

Aliyeamua ni mama. Alimwachia mkwewe mkono, akaenda taratibu, ameegemea ubavu mzima, akamfuta Balozi machozi kwa kiganja.

"Usilie," alisema. "Nitakuja. Kazi ya mwanangu siiharibu mimi."

Akarudi kitini akavua viatu. Mke alimsihi mpaka akachoka. Kumbeba mtu mzima aliyekataa, kumpita mwanaume aliyeziba mlango, hakuweza. Na mama akisema hapana, ilikuwa hapana ya mtu aliyewahi kukata simu za wakubwa.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, viti vya plastiki vimevishwa mashuka meupe ili visahau kuwa vya plastiki. Mabalozi wa Shaba walijaa nyuma, wamekaba tai, wananukia marashi ya aina moja. Mbele kulikuwa na safu iliyofungiwa utepe. Balozi alipewa kiti pembeni mwa safu hiyo, kwa majaribio, na akakaa kwa tako moja mithili ya mtu anayeweza kuinuliwa wakati wowote. Mkewe aliketi nyuma yake, macho kwa mama. Chini ya gauni la bluu kulikuwa na tabaka jipya la uji wa Ngao, lililopakwa asubuhi, na juu yake shuka kuukuu lililozungushwa ili maji yasipenye. Mama alikuwa na homa. Mashavu yalimng'aa, na mwanamke mmoja akapita akamsifu kwa afya.

Bwana Almasi alivaa viatu vyeupe na aliongea kama mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Alieleza habari ya kinga. Alisema kinga ni jeshi, na jeshi halizidi kuwa kubwa. Alisema uzee ni uzembe. Alisema kusahau ni uchaguzi. Watu wenye akili timamu, walimu, mafundi, wauguzi wastaafu, waliandika maneno hayo kwenye daftari.

"Na sasa," alisema, "Mama Namba!"

Balozi akampandisha mama ngazi kwa kumshika kiwiko. Makofi. Akampa kipaza sauti.

"Tajeni ofisi!" Balozi alipaza. "Ofisi yoyote!"

"Posta!" mtu akapiga kelele.

Mama akainua mikono yote miwili, akajiweka sawa vipokea sauti ambavyo havikuwapo, na uso wake ukatulia.

"Namba gani, tafadhali?" alisema.

Ukumbi ukacheka kwa furaha. Balozi akacheka kuliko wote.

"Posta, mama!" mtu akarudia.

"Subiri, nakuunganisha." Mkono wake ukachomeka waya hewani. Makofi yakazidi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. "Zungumza sasa. Zungumza, bwana, yuko hewani. Wewe mwingine subiri, mstari unatumika. Nawasikia wote, msiongee wote, nawasikia wote..." Akaanza kutweta. Mkono ukaacha waya ukaenda ubavuni. "Msimamizi! Kiti hiki kina moto. Nani ameacha pasi hapa? Msimamizi, naungua!"

"Mama," Balozi alinong'ona, tabasamu likiwa bado limemganda, "mama, stesheni."

Mama alikuwa amekwisha kufungua vifungo. Alifungua cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa vidole vyepesi vya mtu anayejiokoa, akasukuma shuka. Mbele ya watu wote wale alisimama nusu uchi, ziwa la kizee nje, na chini yake uji wa Ngao ulikuwa umekauka ukapasuka, na kwenye nyufa mlitoka maji ya manjano. Harufu ilifika safu ya tatu. Makofi yalikatika. Mtu mmoja alisema, jamani, kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mtu anayeitwa Almasi anastahili cheo chake. Hakusita hata kidogo. Alichukua kipaza sauti mkononi mwa mama.

"Msiogope!" alinguruma. "Tazameni kwa macho yenu! Mmeuliza miaka yote, Ngao inafanya nini mwilini? Hii hapa! Sumu ya miaka themanini inatoka nje! Inatoka! Piga makofi kwa kinga!"

Na wakapiga. Tuseme kweli, si wote waliopiga. Walikuwapo walioinamisha vichwa. Lakini walioinamisha vichwa hawakusema kitu, na waliopiga walisimama. Simu ziliinuliwa juu. Mabalozi wa Shaba walisogea mbele wapate picha nzuri ya kidonda.

Mke wa Balozi alikuwa ameshapanda jukwaani. Alivua koti lake akamfunika mama, akamkumbatia kwa upande wa kushoto, upande usiouma.

"Mwache dakika moja, dada," Almasi alimwambia kwa upole, kipaza sauti kikiwa mbali na mdomo. "Watu wanapiga picha."

"Wewe mama yako yuko wapi?" aliuliza mke.

Almasi alifumba na kufumbua macho. Pengine lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa siku nyingi. Akamgeukia Balozi, akatoa beji mpya mfukoni mwa koti, akaanza kumchomekea kifuani huku ukumbi ukiimba Fedha, Fedha. Miguu ya mama ikalegea.

"Shika upande ule," mke alimwambia mumewe. "Anaanguka. Shika!"

Mkono mmoja wa Balozi ulikuwa ndani ya mkono wa Almasi. Mwingine ulikuwa ukisaidia pini ya beji. Mpiga picha alikuwa amepiga goti.

"Tangulieni," alisema. "Nakuja nyuma yenu."

Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyekuja kushika upande ule. Walimbeba mama wakamshusha ngazi, viatu vikimtoka, na Balozi wa Fedha akatazama kamera.

Alifika hospitali jua likizama. Alichelewa kwa kuwa baada ya picha kulikuwa na picha nyingine, kisha watu wapya saba walitaka kujiandikisha chini yake. Kwenye mlango wa wodi muuguzi alimzuia.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mimi ni Bal... Mimi ni mwanawe."

"Haya, mwana. Daktari amekuulizia mara mbili."

Alikuwa yuleyule daktari mfupi. Jumamosi alifanya zamu hospitali kubwa. Alimtambua Balozi, na Balozi akaona kwamba ametambuliwa. Daktari alisema wamemsafisha kidonda muda mrefu kwa sababu ya ule uchafu uliogandia, kimeshika vijidudu vingine, homa iko juu, na dawa ya mkanda wa jeshi wameanza kumpa ingawa muda wake mzuri umepita.

"Na kichwa?" Balozi aliuliza. "Anasema maneno hayaeleweki. Ni huo mkanda umempanda kichwani?"

"Alikuwa ameshaanza kusahau?"

Balozi alisita. "Kidogo."

"Basi siwezi kukwambia mkanda ndio umeleta. Usahaulifu wake ulikuwa njiani, na kwa nini unawapata hawa na kuwaacha wale, hata sisi hatujui yote. Ila mzee ambaye kichwa kimeanza kuvuja, ukimpa homa, ukimpa maumivu siku tatu bila usingizi, ukimwachia kidonda kioze, anaporomoka. Wapo wanaopanda tena. Wapo wanaopanda nusu."

"Mimi nilikuwa nampandisha kinga," Balozi alisema.

Daktari alitazama ile beji mpya inayong'aa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Balozi aliona afadhali angetukanwa.

Siku zilizofuata alikuja kila siku, tusimnyime haki yake. Alikuja bila kopo. Video ya pale jukwaani ilikuwa imeenea mitandaoni, makopo yalikuwa yakiuzwa kuliko wakati wowote, na simu yake ililia mpaka akaizima. Beji aliivua akaitia mfukoni, kisha akiwa peke yake koridoni alipapasa mfuko kuhakikisha ipo. Mkewe hakumsemesha. Alimpisha mlangoni kwa adabu ya kumpisha mgeni.

Siku ya sita homa ilishuka. Mama alifumbua macho asubuhi, akaomba chai, akamwambia mkwewe nywele zake hazijachanwa, na mkwewe akacheka huku analia. Alimtambua. Alimwita mkwe wangu, akamuuliza habari za kule kwenye nguo za watu. Balozi aliyasikia hayo kutoka mlangoni, na moyo ukamruka kwa furaha. Imepita, aliwaza. Kumbe yanapita. Akaingia haraka, akavuta kiti akaketi karibu na kichwa cha kitanda.

"Mama! Ni mimi."

Mama alimgeukia. Alimtazama kwa makini na kwa uso mzuri, uso aliowawekea watu wa nje.

"Karibu, baba. Umemjia nani?"

"Nimekuja kwako, mama."

"Kwangu? Ahsante sana. Si wengi wanaomtembelea mtu wasiyemjua."

"Mama, mimi ni mwanao."

Mama akacheka kidogo, bila kumkosea adabu. "Mwanangu hayupo. Mwanangu ana kazi kubwa, hana nafasi. Msimlaumu." Akamtupia jicho mkwewe, aliyekuwa akimimina chai kando ya dirisha, kisha akamwashiria Balozi ainame. Balozi akainama. Mama alinong'ona, "Nikuombe kitu, baba?"

"Niombe, mama."

"Ukimwona huko mjini, mwambie ninaumwa. Hapa, ubavuni. Yeye hajui. Wamemficha, sijui kwa nini wamemficha. Angejua asingeniacha na maumivu haya hata siku moja. Mimi namjua, nimemzaa mwenyewe. Angeacha yote akaja."

Chai ilikuwa imekwisha kujaa kikombe, ikamwagika, na mke wa Balozi akaendelea kumimina.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia," Balozi alisema.

"Leo?"

"Leo."

"Basi nenda, usikae na mimi ukachelewa."

Balozi akainuka. Alisimama akizungusha macho kana kwamba yupo mtu pale atakayemsemea neno, na hakuwapo, akatoka. Mama akasikiliza nyayo mpaka zikaishia koridoni.

"Mkwe wangu," alisema, "sogeza hicho kiti karibu kidogo. Mwanangu akija apate pa kukaa."

Mkwewe akaweka birika chini, akakisogeza.